Kisa cha Mto Nashua: kazi ya kujitolea iliyoanzia kwenye maamuzi

Mwaka 1962 Marion Stoddart alihamia Groton, mji mdogo katika jimbo la Massachusetts, Marekani, pamoja na mume wake na watoto wao. Karibu na mji huo unapita Mto Nashua, ambao wakati huo ulihesabiwa miongoni mwa mito michafu kuliko yote nchini humo. Stoddart hakuwa mwanasayansi wala mwanasiasa. Hakuna ofisi iliyomtuma na hakuna aliyemlipa. Miaka 25 baadaye, mwaka 1987, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimtunuku tuzo ya Global 500 kwa kazi aliyoifanya kwenye mto huo.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama habari ya mwanamke jasiri, na ujasiri wake haupingiki. Lakini mimi nakipenda kwa sababu nyingine. Kinajibu swali ambalo vikundi vingi vinavyojitolea kutunza mito na maziwa havijiulizi mapema: nguvu kidogo tuliyo nayo tuielekeze wapi kwanza? Watu wa Nashua waliielekeza kwenye maamuzi yaliyouruhusu uchafu kuingia mtoni, kabla ya kuielekeza kwenye uchafu wenyewe. Karibu kila kilichofuata kilitokana na mpangilio huo.

Mto ulivyokuwa

Nashua una mikono miwili. Mkono wa kaskazini unapita Fitchburg na Leominster, miji iliyojengwa na viwanda. Mkono wa kusini ulizibwa kwa bwawa la Wachusett mwanzoni mwa karne ya 20 ili maji yake yapelekwe Boston. Mikono hiyo hukutana Lancaster, kisha mto hugeuka kuelekea kaskazini, ukapita karibu na Groton na Pepperell, ukavuka mpaka na kuingia jimbo la New Hampshire, na hatimaye kumwaga maji yake katika Mto Merrimack.

Ukiitazama ramani hiyo unaona tatizo kabla hujanusa chochote. Maji mengi safi ya kusini yalikuwa yamechukuliwa. Mkono uliobaki na kazi ya kuujaza mto ndio uliobeba mabaki ya viwanda vya karatasi na maji taka ya miji. Uchafu mwingi, maji machache ya kuuzimua.

Viwanda vya karatasi vilimwaga rangi moja kwa moja mtoni. Siku ambayo kiwanda kilitengeneza karatasi nyekundu mto ulikuwa mwekundu, siku ya kijani ukawa kijani. Rangi ndiyo iliyoshangaza macho, ila kilichoua mto kilikuwa nyuzi za mbao na kinyesi. Bakteria wanaoziozesha nyuzi hizo hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini, na chakula chao kikizidi huimaliza. Samaki hufa au hukimbia. Tope hulala chini, likaendelea kuoza bila hewa, na gesi inayopanda kutoka humo hunuka kama mayai viza. Maafisa waliokuwa wakiipanga mito kwa madaraja ya ubora waliutia Nashua katika daraja la mwisho kabisa, la mto usiofaa hata kupokea maji taka zaidi.

Wakazi wengi walikuwa wameizoea hali hiyo. Viwanda ndivyo vilivyowalisha, na mto mchafu ulionekana kuwa gharama ya ajira. Yeyote atakayeanza kazi ya namna hii popote atakutana na mawazo hayo hayo, na atakosea akiyadharau. Mtu anayeogopa kupoteza kazi yake hajawa adui wa mto.

Kwa nini hawakuanza na glavu na magunia

Kikundi kipya cha kujitolea hupenda kuanza kwa siku ya usafi. Watu hukusanyika, huokota chupa na matairi, hupiga picha, hurudi nyumbani wamechoka wakiwa na furaha. Siibezi kazi hiyo: inawaleta watu ukingoni na kuwafanya waufahamu mto wao kwa miguu. Ila kwenye Nashua ya mwaka 1962 isingebadilisha chochote. Ungeweza kuondoa kila tairi na mto ungebaki umekufa, kwa sababu kilichouua kilikuja kwa bomba, usiku na mchana, kwa idhini au kwa kufumbiwa macho na wenye mamlaka.

Stoddart alikuwa mwanachama wa Ligi ya Wanawake Wapigakura, jumuiya yenye desturi ya kulisoma jambo kwa kina kabla ya kulisemea. Akaanza kwa kusoma. Nani anamwaga nini, wapi? Sheria inasema nini? Ofisi ipi ina uwezo wa kusema hapana? Nani analipa? Kazi hii ya mezani haina picha nzuri. Lakini katika kisa hiki kizima naiona kuwa saa zilizozaa matunda kuliko zote, kwa sababu ndizo zilizomwonyesha mlango ulipo.

Na mlango ulikuwa unafunguka. Mwaka 1965 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoyataka majimbo yaweke viwango vya ubora kwa mito inayovuka mipaka yao. Nashua unavuka mpaka. Maana yake kwa mkazi wa kawaida ni kwamba serikali ya jimbo ingelazimika kuamua, kwa maandishi, mto huu unakusudiwa kuwa nini: wa kuogelea na kuvua samaki, au wa kupitishia taka tu. Lengo likiandikwa chini, kila kibali kitakachotolewa baadaye kitapimwa kwa lengo hilo la chini. Likiandikwa juu, mzigo unahamia kwa anayemwaga.

Wanaojitolea wengi huiacha hatua hii kwa wataalamu, na hapo ndipo vita vingi vya maji hupotea bila hata kupiganwa. Viwango vya ubora vina lugha kavu, na mikutano ya kuvijadili hufanyika saa za kazi. Mwenye kiwanda hutuma mwakilishi anayelipwa kukaa pale. Mto hauna wa kumtuma, isipokuwa mtu aliyejitolea kwenda.

Chupa na saini

Katikati ya miaka ya 1960 Stoddart na wenzake waliunda kamati ya kuusafisha mto, wakakusanya maelfu ya saini kutoka miji ya bonde hilo, na kuzipeleka kwa gavana wa Massachusetts, John Volpe. Pamoja na saini walimpelekea maji ya Nashua yenyewe, yametiwa chupani. Mwaka 1966 jimbo lilipata Sheria ya Maji Safi.

Chupa ndiyo inayokumbukwa, na watu wengi wameiga jambo hilo tangu hapo. Lakini tazama ilisimama juu ya nini. Chupa peke yake ni maonyesho: gavana angetabasamu, angeshukuru, na katibu wake angeitupa jioni. Saini peke yake ni karatasi nyingine juu ya meza yenye karatasi nyingi. Viwili pamoja vilisema kwamba hali ni hii, na hawa ndio wapigakura wanaoijua. Nyuma yake kulikuwa na ombi mahsusi ambalo gavana alikuwa na uwezo wa kulitimiza, la kusaini sheria. Hawakumwomba ausafishe mto kwa mkono wake, wala hawakumwomba “alifikirie suala la mazingira”.

Jambo jingine linalopita bila kuonekana ni saini zilikotoka. Mto hausimami kwenye mpaka wa mji. Groton ungeweza kulalamika miaka mia bila kupata kitu, kwa sababu uchafu ulitoka Fitchburg na Leominster, juu mtoni. Kamati ya mji mmoja ingekuwa kamati ya walalamikaji. Kamati ya bonde zima ilikuwa na watu wanaopokea uchafu na watu wanaoishi kando ya mabomba yanayoumwaga. Mwaka 1969 umoja huo ukageuzwa kuwa chama cha kudumu, Nashua River Watershed Association, kwa ajili ya bonde lote katika majimbo mawili.

Kukaa meza moja na wanaomwaga

Stoddart aliwaita wenye viwanda, mameya na viongozi wa wafanyakazi wawe sehemu ya kazi. Kwa wanaoupenda mto hili ni gumu kulimeza. Kwa nini umkaribishe aliyeharibu?

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Kiwanda kimoja kikijenga mtambo wake wa kusafisha maji, hubeba gharama ambayo mshindani wake wa jirani habebi. Mji nao hauna fedha za kujenga mtambo wa kutosha kwa maji ya viwanda na ya nyumba zote. Dawa ilikuwa mitambo ya pamoja yenye gharama za kugawana, na gharama hazigawanwi na watu wasioongea. Fitchburg hatimaye ilijenga mtambo uliopokea hasa maji ya viwanda vya karatasi.

Sababu ya pili ni ya kibinadamu. Meya aliyealikwa mapema anaweza kusimama mbele ya watu wake na kuuita mto safi ushindi wake. Meya aliyeaibishwa hadharani atautafutia mpango huo kasoro hadi astaafu. Hata hivyo mkono ulionyooshwa kwa wenye viwanda ulikuwa na sheria nyuma yake. Mazungumzo yasiyo na sheria huishia kwenye chai na ahadi. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio: kiwango na sheria kwanza, meza ya maridhiano baadaye, na milango yote miwili ibaki wazi.

Sifa ni za nani?

Msomaji makini atauliza kama mto haukusafishwa na fedha za serikali kuu. Oktoba 1972 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Maji Safi ya nchi nzima licha ya kura ya turufu ya Rais Nixon, na sheria hiyo iliwezesha serikali ya shirikisho kulipa hadi asilimia 75 ya gharama za kujenga mitambo ya maji taka ya miji. Mitambo ya bonde la Nashua ilijengwa katika muongo huo. Pia baadhi ya viwanda vya karatasi vilifungwa miaka iliyofuata kwa sababu za kibiashara, na bomba lililofungwa halimwagi kitu.

Pingamizi hilo ni la kweli na lisipuuzwe. Wanaojitolea hawakumimina zege wala hawakulipia pampu. Anayewaambia watu kwamba mikono ya wakazi peke yake ilifufua Nashua anawadanganya, na anawaandaa kukata tamaa mikono yao itakaposhindwa kwenye mto mwingine.

Lakini fedha za mwaka 1972 zilikuwa za nchi nzima, na mito michafu ilikuwa mingi. Bonde la Nashua lilizikuta likiwa na chama tayari, mameya waliokwisha kukutana, sheria ya jimbo ya miaka 6, na wakazi wanaojua wanachodai. Na kuna sehemu ya kisa ambayo sheria ya 1972 isingeileta kamwe.

Ardhi ya kando

Tangu mwanzo Stoddart alitaka vitu viwili: maji safi, na ukanda wa kijani kwenye kingo zote mbili za mto na vijito vyake. Cha pili kilionekana anasa wakati maji bado yananuka. Nadhani ndiyo akili kubwa kuliko zote katika kisa hiki.

Ukanda wa miti hufanya kazi ambayo mtambo wa maji taka hauwezi. Mvua inayotiririka kutoka mashambani na barabarani hupungua kasi kwenye majani na mizizi, ikaangusha udongo na sehemu ya mbolea iliyobeba kabla haijafika mtoni. Kivuli huyafanya maji yabaki baridi, na maji baridi hushika oksijeni zaidi. Mafuriko hupata pa kutanuka bila kuingia sebuleni kwa mtu.

Kuna na suala la wakati. Hakuna anayetaka kujenga nyumba kando ya mto unaonuka. Mto ukishasafishwa, kila mtu anataka, bei hupanda, na ukingo hugawanywa viwanja. Mafanikio ya kusafisha maji yanaweza kuharibu kingo zake ndani ya miaka michache. Waliotaka kuilinda ardhi walipaswa kuanza kabla ya maji kuwa safi. Chama kiliwafuata wamiliki mmoja mmoja, miji, jimbo na hata jeshi. Mwaka 1974 ardhi iliyokuwa ya kambi ya jeshi ya Fort Devens iligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Wanyamapori ya Oxbow, kando ya Nashua. Kwingineko vipande vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, vingine wenyewe walibaki navyo baada ya kusaini hati ya kutovijenga kamwe.

Kazi hii haina siku moja ya kushangilia. Ni kukaa jikoni kwa mkulima mzee mara nne kabla hajasema ndiyo. Ni kusoma ramani za viwanja. Kama kikundi chako kina mtu mmoja mwenye subira na mwingine anayejua hati za ardhi, wapeni kazi hii na muwaondoe kwenye kamati nyingine zote.

Baada ya rangi kuondoka

Mto ulirudi. Rangi ziliondoka, harufu ikaondoka, samaki na ndege wakarejea, na watu wakaanza kushusha mitumbwi pale ambapo wazazi wao walifunga madirisha. Machi 2019 sehemu za Nashua pamoja na vijito vyake, Squannacook na Nissitissit, ziliingizwa kisheria katika orodha ya taifa ya mito inayohifadhiwa kwa uzuri na uasili wake.

Sasa ndipo kujitolea kunakuwa kugumu kwa namna nyingine. Mto mwekundu hujitangaza wenyewe. Mto wenye bakteria nyingi baada ya mvua unapendeza machoni kama mto salama. Kwa hiyo chama kina wakazi wanaochukua sampuli za maji miezi ya joto, kwenye madaraja na sehemu za kushushia mitumbwi. Mambo madogo ya kazi hii yana sababu zake. Oksijeni hupimwa alfajiri kwa sababu mimea hutoa oksijeni mchana na kuitumia usiku, hivyo karibu na mapambazuko ndipo inapokuwa chini zaidi; ukipima saa nane mchana utaandika habari njema isiyo ya kweli. Sampuli ya bakteria huwekwa kwenye barafu na kufikishwa maabara ndani ya saa 6, la sivyo wadudu hao wataongezeka au kufa njiani na namba haitakuwa ya mto tena. Mahali pawe pale pale kila mara. Na namba inayotafutwa inajulikana: kwa kuogelea, mwongozo wa shirikisho unataka wastani wa E. koli, bakteria wa kinyesi, usizidi 126 kwa mililita 100 za maji.

Sampuli moja haimaanishi kitu kikubwa. Miaka mingi ya sampuli za mahali pamoja ni ushahidi ambao idara ya mazingira inashindwa kuukataa, hasa kama mpimaji alifundishwa utaratibu na akaufuata. Nimeona vikundi vikiacha kupima kwa sababu matokeo hayabadiliki. Matokeo yasiyobadilika ndiyo yatakayomwezesha mtu kugundua siku yatakapobadilika.

Katika bwawa la Pepperell, mahali ambapo mto hupungua kasi na kutanuka, shida ni mmea unaoelea uitwao Trapa natans, ambao asili yake si Amerika. Huota kwa mkusanyiko mzito unaofunika maji na kuyanyima mwanga. Hapa ndipo mikono inahitajika kweli: watu huingia kwa mitumbwi na kuing'oa mimea, na ni lazima waing'oe kabla haijaangusha mbegu. Mbegu zina miiba mikali, na zinaweza kukaa kwenye tope hadi miaka 12 kabla ya kuota. Kikundi kinachong'oa msimu mmoja na kupumzika unaofuata kimefanya kazi ya bure, kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza anayetaka kujiunga si kama ana glavu bali kama atakuwepo mwaka ujao.

Na bado kuna mabomba ya zamani, huko Fitchburg na katika jiji liitwalo Nashua, New Hampshire, yaliyojengwa kubeba maji ya mvua na maji ya vyoo pamoja. Mvua kubwa ikinyesha hufurika na kumwaga vyote mtoni. Kuyatenganisha mabomba hayo kunagharimu fedha nyingi na huchukua miongo, mtaa baada ya mtaa, na uamuzi wa mtaa upi utangulie hufanywa kwenye vikao vya bajeti vya miji, ambako viti vya wananchi mara nyingi huwa vitupu.